Shajara ya Ukarabati wa Nyumba ya Mama, Katuba

7 Agosti

Leo tumetia saini mkataba wa kukarabati nyumba ya Mama hapa Katuba, Lubumbashi, na kuanzia leo nitaandika kila hatua katika daftari hili, kwa sababu fedha zinazotumika si zangu peke yangu. Yaya, yaani kaka yetu mkubwa, anachanga kutoka Kolwezi, mdogo wetu anachanga kutoka Likasi, nami ninayeishi na Mama ndiye niliyekabidhiwa usimamizi. Kila mwisho wa juma nitapiga picha kurasa hizi na kuwatumia, ili kila mmoja ajue fedha zimekwenda wapi.

Tunafungua ukuta kati ya chumba cha nyuma na ghala ili jiko liingie ndani, tunajenga bafu na choo katika pembe ya chumba hicho, kisha tunamwaga bamba la zege juu ya baraza ya nyuma, lile ambalo mafundi wa hapa huita dale. Bafu ndilo lililotufanya tuanze. Mama ana miaka 74, nyonga inamsumbua, na mvua zikianza ua wetu wa udongo mwekundu huteleza kama mlenda. Mwaka jana alianguka mara mbili akienda chooni usiku.

Mkandarasi ana karatasi zote. Ametuonyesha namba yake katika daftari la biashara, lile lililokuja na sheria za OHADA, umoja wa nchi za Afrika wenye sheria za pamoja za biashara, zinazotumika Kongo tangu 12 Septemba 2012, ametuonyesha namba ya mlipakodi, na kibali kinachomtambua kama mjenzi. Nimekwenda mwenyewe kuhakikisha kwamba namba ya daftari ni yake, nami nimeridhika.

Bei ni dola 8,400, vifaa na ufundi pamoja. Tutalipa mafungu matatu ya dola 2,520: la kwanza leo, la pili zege la baraza litakapomwagwa, la tatu vigae vitakapokwisha. Dola 840 zinazobaki tutazishikilia kwa miezi sita baada ya makabidhiano, ziwe dhamana. Mkandarasi alitaka mkataba wa ukurasa mmoja unaosema kazi itafanywa kwa ustadi. Mdogo wangu ndiye aliyekataa kwa simu, akisema ustadi haupimwi kwa rula, na kwa shinikizo lake tumeongeza kiambatisho: bamba liwe na unene wa sentimita 12, nondo ziwe za milimita 10 na zipangwe kila baada ya sentimita 20 pande zote mbili, sakafu ya bafu iteremke kuelekea tundu la kutolea maji, na mkandarasi aniite nizione nondo kabla zege halijamwagwa. Kiambatisho kina sahihi zake na zangu.

21 Agosti

Ukuta umefunguliwa bila nyumba kutikisika. Fundi alisimamisha mirunda pande zote mbili kabla ya kupiga nyundo ya kwanza, kisha akatengeneza boriti ya zege juu ya uwazi wa mita 1.80, na boriti hiyo imeegemea ukuta kwa sentimita 25 kila upande. Nimepima mwenyewe. Matofali ya nyumba hii ni ya udongo wa kichuguu, yaliyofyatuliwa na kuchomwa na baba pamoja na ndugu zake, na hunywa maji kwa pupa. Fundi aliyalowesha vizuri kabla ya kupiga lipu, jambo ambalo wengi huliruka wakati huu wa kiangazi, na lipu yao huchanika kabla juma halijaisha. Hii ni kazi njema na naiandika kama ilivyo.

5 Septemba

Zege la baraza limemwagwa jana, siku ya kufungua shule, nami nilikuwa darasani tangu asubuhi. Mkandarasi alijua kwamba siku hiyo sitakuwepo, kwa maana nilimwambia mbele ya Mama wakati tukipanga ratiba. Hakuniita. Nondo zimefunikwa bila mtu wa nyumba hii kuzipima wala kuzipiga picha.

Mama alikuwa amekaa chini ya mwembe, na alichokiona nakiandika kwa maneno yake: "Walikuwa wanaongeza maji tu, binti yangu, mpaka likawa kama uji wa mtoto. Kijana mmoja akasema hivi ndivyo linavyotelemka vizuri." Zege likizidishiwa maji huwa jepesi kulimwaga, lakini maji yasiyohitajika na saruji hukauka na kuacha vinyweleo, na nguvu hupungua. Nilipofika saa kumi na moja jioni uso wa bamba ulikuwa umeanza kupauka kwa jua na upepo, na hapakuwa na gunia bichi wala mchanga mbichi juu yake. Nimewachukua watoto wa jirani, tumetandaza magunia na kuyamwagia maji, na tutafanya hivyo asubuhi na jioni kwa siku saba.

Usiku huu nimegundua jambo lingine. Tarehe 28 Agosti Yaya alimpigia mkandarasi simu na kumwomba tangi la lita 1,000, ambalo lilikuwa liwekwe chini juu ya kizimba cha matofali, lipandishwe juu ya bamba ili maji yashuke kwa nguvu bafuni. Mkandarasi alimjibu kwamba hakuna shida. Halikuandikwa popote, na mimi sikuambiwa. Tangi hilo likijaa litakuwa na uzito wa tani moja, na litakuwa juu ya mahali ambapo Mama huketi kuchambua maharage.

Fungu la pili, dola 2,520, nimelilipa leo, kwa kuwa mkataba unasema lilipwe zege likimwagwa. Nimeandika barua ya nusu ukurasa kueleza kwamba sikuitwa kuona nondo, nimempa mkandarasi nakala moja, na ametia sahihi kwamba ameipokea. Alisema, "Mwalimu, hizi barua za nini, sisi ni watu wa nyumba moja." Nimeihifadhi nakala yangu.

19 Septemba

Mbao zimetolewa chini ya bamba. Upande wa kaskazini zege lina mashimo kama sega la nyuki kwa urefu wa karibu mita moja, kokoto zimebaki wazi bila saruji ya kuzishika, na nondo moja inaonekana mgongo wake wote, tayari ina kutu ya rangi ya chungwa. Kwenye ukingo nimepima unene mara tano: sentimita 10, 9, 10, 11, 9. Hakuna mahali palipofika 12.

Nilipomwonyesha mkandarasi, alipitisha kiganja juu ya mashimo na kusema, "Tutapiga lipu, hutaona kitu." Nilimjibu kwamba sikuomba nisione. Baadaye alimpigia Yaya simu Kolwezi kumlalamikia kwamba dada yake anachelewesha kazi. Hilo limeniumiza kuliko kutu ya nondo, kwa sababu aliyetia sahihi ni mimi, na kila swali ninalouliza linapelekwa kwa mwanamume aliye mbali kwa kilomita 300 ambaye hajaliona bamba lenyewe. Nimemtumia Yaya picha tano na utepe wa kupimia ukionekana katika kila moja. Alinipigia baada ya dakika kumi, na tangu leo mkandarasi akimpigia atamwambia azungumze nami.

3 Oktoba

Vigae vya bafu vimeanza. Mkandarasi ameomba dola 1,000 za fungu la tatu kabla ya wakati, akisema duka halimkopeshi tena, nami nimempa ili Mama apate bafu kabla ya mvua. Nimeandika hati ya malipo. Jumla iliyolipwa sasa ni dola 6,040.

17 Oktoba

Vigae vimekwisha na leo nilitakiwa kumaliza fungu la tatu. Kabla ya kulipa nimefanya jaribio, na naliandika kwa urefu ili lisibishaniwe.

Bafu lina upana wa mita 1.50 na urefu wa mita 2.10, na sakafu yake ina vigae 35 vya sentimita 30 kwa 30. Nilimimina ndoo moja ya lita 20 katikati, polepole. Maji yalitulia kidogo kana kwamba yanafikiri, kisha yakaanza kutambaa, si kuelekea tundu lililo pembeni, bali kuelekea mlango. Yaliruka kizingiti kisichofika sentimita moja na kuingia jikoni, yakalowesha mkeka wa Mama. Karibu na tundu lenyewe palibaki pakavu kabisa.

Nilichukua mpira mwembamba unaoangaza, nikaujaza maji, nikaupima usawa ncha moja ikiwa kwenye tundu na nyingine kwenye mlango, njia ileile ambayo baba alitumia alipojenga nyumba hii. Tundu liko juu ya mlango kwa milimita 8. Sakafu ya bafu yapasa kushuka kati ya sentimita 1 na 2 kwa kila mita, kwa hiyo kutoka mlangoni hadi kwenye tundu, umbali wa karibu mita 2, tundu lilipaswa kuwa chini kwa angalau sentimita 2. Tofauti ni karibu sentimita 3, na hakuna saruji ya kuziba wala ufagio wa kusukuma maji utakaoiondoa. Vigae lazima ving'olewe.

Kisha nilipiga kila kigae kwa sarafu. Kigae kilichoshikana na sakafu hutoa sauti kavu, fupi. Kilichoachwa na uwazi chini yake hulia kama mtungi. Vigae 13 kati ya 35 vililia kama mtungi. Kimoja kilicho mbele ya choo kilicheza nilipokikanyaga.

Mkandarasi alifika saa tisa. Alitazama maji yakielekea mlangoni, akasema bafu zote za Katuba huwa hivyo na watu hutumia kitambaa. Nilimwomba aseme hayo kwa Mama mwenyewe. Mama alimwambia kwa upole, "Mwanangu, mimi nitateleza hapa kama nilivyoteleza uani, tofauti ni kwamba hapa nitajigonga kwenye choo." Hakujibu. Fungu la tatu sikulipa.

18 Oktoba

Fundi amekuja peke yake jioni, bila mkandarasi. Aliomba asitajwe jina, nami sitamtaja. Ni kijana mwenye mkono mzuri. Ile boriti ya Agosti ni yake. Alisema, "Mama Mwalimu, mimi hulipwa kwa mita, na saruji huletwa na shefu. Kwa lile dale nilipewa mifuko minne. Nilimwambia haitoshi, akasema ongeza mchanga." Kuhusu nondo alisema zilikuwa za milimita 8, na zilipangwa kwa umbali wa sentimita 25, mahali pengine 30. Mchanga wa bafu ulikuwa na udongo, na hakupewa pimamaji ya kufanyia kazi.

Nimepiga hesabu. Baraza ina mita 2.40 kwa 3, yaani mita za mraba 7.2. Kwa unene wa sentimita 12 inahitaji zege la mita za ujazo 0.864, na kwa kilo 350 za saruji katika kila mita ya ujazo ni kilo 302, yaani mifuko sita ya kilo 50. Ilitumika minne. Mifuko miwili ya saruji ndiyo iliyookolewa, na nondo nyembamba. Tangu usiku nimekuwa nikifikiria jinsi kiasi hicho kilivyo kidogo.

24 Oktoba

Tumefanya kikao cha ndugu kwa simu, saa mbili nzima. Yaya ametaka tufunge geti na kushikilia mashine ya kuchanganyia zege na mbao za mkandarasi zilizobaki uani. Mjomba amependekeza tumpeleke polisi ili aogope. Nimekataa yote mawili. Tukishikilia mali yake bila amri ya mahakama, sisi ndio tutakaokuwa na kosa, na badala ya kuzungumza juu ya bamba tutazungumza juu ya mashine. Na kazi mbovu ni madai ya kiraia. Kongo ni mwanachama wa Mkataba wa Kimataifa wa Haki za Kiraia na Kisiasa tangu 1976, na kifungu cha 11 kinakataza mtu kufungwa kwa sababu tu ya kushindwa kutimiza wajibu wa mkataba. Mkandarasi akiwekwa ndani siku mbili atatoka na hasira, na bamba litabaki na sentimita zake 10.

Wakili anayefundisha jioni katika shule yetu amenieleza njia iliyopo. Sheria ya mikataba inayotumika hapa ni Amri ya 30 Julai 1888, ambayo ndiyo kitabu cha tatu cha sheria yetu ya kiraia, na kifungu chake cha 33 kinasema mapatano yaliyofanywa kihalali ni sheria kwa walioyafanya. Kwa hiyo kile kiambatisho cha kurasa mbili ambacho mkandarasi alikiona kuwa usumbufu ndicho sheria kati yetu. Amri hiyohiyo inamfanya mjenzi awajibike kwa miaka kumi jengo likiharibika kwa kasoro ya ujenzi, hata kasoro ya udongo lililosimama juu yake. Na kwa kuwa mkandarasi ni mfanyabiashara aliyesajiliwa, tunaweza kumpeleka katika mahakama ya biashara ya hapa Lubumbashi, moja ya zile zilizoundwa kwa Sheria Na. 002/2001 ya 3 Julai 2001, ambamo hakimu wa kudumu huketi pamoja na mahakimu waliotoka miongoni mwa wafanyabiashara.

Wakili alisisitiza mambo mawili. Tusibomoe wala kurekebisha chochote kabla kasoro hazijathibitishwa mbele ya pande zote mbili, kwa kuwa tukibomoa peke yetu tutakuwa tumefuta ushahidi wetu. Na hatua ya kwanza ni notisi ya maandishi inayomtaka atimize wajibu wake katika muda uliotajwa, ikipelekwa na wisie, yule afisa wa mahakama anayekabidhi hati, ili siku ya kupokewa isibishaniwe.

27 Oktoba

Notisi imepelekwa. Ina kurasa tatu na viambatisho: picha, vipimo vya 19 Septemba na 17 Oktoba, nakala ya barua yangu ya 5 Septemba yenye sahihi yake. Tumempa siku kumi na tano. Maneno ya fundi sikuyatumia, kwa kuwa kijana yule atapoteza kazi.

6 Novemba

Mvua ya kwanza kubwa imenyesha usiku. Bamba linavuja mahali pawili, na chini ya sega la nyuki matone yameacha michirizi myeupe ya chokaa.

Asubuhi mkandarasi alikuja mwenyewe, bila kuitwa. Alikuwa na notisi mkononi, imekunjwa mara nyingi. Alitoa hoja ambayo sikuweza kuipuuza: alikadiria bamba la kukinga jua na mvua, si la kubeba tani moja, na tangi liliongezwa kwa simu bila bei kubadilika. Ana haki katika hilo. Nilimwambia hivyo, kisha nikamwuliza kwa nini bamba halikufika hata zile sentimita 12 za kukinga jua. Tulinyamaza sote. Tumekubaliana kumwita injinia mstaafu ambaye sote hatuna udugu naye, gharama yake dola 150 tugawane nusu kwa nusu.

11 Novemba

Injinia alifika na tindo, nyundo, utepe na daftari lake. Alikataa kuanza hadi mkandarasi afike, akakaa kwenye ngazi akinywa maji kwa saa nzima. Alipofika, injinia alitoboa bamba mahali pawili alipochagua pamoja na mkandarasi, si pamoja nami. Unene ulikuwa sentimita 9 na 10. Nondo zilikuwa za milimita 8, umbali wa sentimita 27 katika tundu la kwanza. Alizikwangua kwa ncha ya tindo na kutuonyesha kwamba chini yake hakuna hata sentimita moja ya zege, ilhali zapasa kufunikwa kwa sentimita 2.5 hivi ili zisile kutu. Kisha alisugua kipande cha zege kwa vidole, kikatoa mchanga kama mkate uliokauka.

Taarifa yake ni ya kurasa mbili na ina sahihi tatu. Inasema bamba halifai kubeba tangi, na hata bila tangi lazima livunjwe upande wa kaskazini. Kwa kuwa kuliunganisha nusu kwa nusu hakutakuwa na maana, livunjwe lote. Likijengwa upya kwa ajili ya tangi liwe na sentimita 15, na tangi likae juu ya pembe ya ukuta mnene, si katikati. Kuhusu bafu ameandika sentensi moja tu: vigae ving'olewe, sakafu ipangwe upya.

15 Novemba

Tumekutana mbele ya mkuu wa mtaa, Mama akiwa ameketi katikati yetu. Tulijadiliana kwa muda mrefu juu ya nani abebe nini, na hatimaye tumeandika mapatano. Mkandarasi anavunja bamba na sakafu ya bafu na kuzijenga upya kwa gharama yake hadi kiwango cha mkataba wa kwanza. Sisi tunabeba nyongeza ya kutoka sentimita 12 hadi 15, kwa kuwa ombi la tangi lilikuwa letu: mita za ujazo 0.216, yaani mifuko miwili ya saruji ukikadiria kwa juu, pamoja na tofauti ya nondo. Saruji na nondo zote tunanunua sisi dukani, na gharama ya sehemu yake inakatwa katika zile dola 1,520 zilizobaki za fungu la tatu. Hakuna zege litakalomwagwa kabla sijatia sahihi kwenye picha za nondo. Kesi hatufungui ikiwa haya yatatimizwa kabla ya mwisho wa Februari.

Yaya hajafurahi, alitaka fidia ya usumbufu. Nimemweleza kwamba Mama anahitaji bafu msimu huu wa mvua, na kesi ingeweza kutupitisha misimu miwili huku kila kitu kikibaki kimesimama kama ushahidi. Amekubali, shingo upande.

27 Novemba

Bamba limevunjwa kwa siku mbili. Katikati yake kumetoka kipande cha ubao na karatasi ya mfuko wa saruji iliyokunjwa, vyote vimezikwa ndani ya zege. Mama aliiokota karatasi ile, akainyoosha juu ya goti, akaitazama kwa muda mrefu.

4 Desemba

Leo sikwenda shule. Mwenzangu ameshika vipindi vyangu. Nondo za milimita 10 zimepangwa kila sentimita 15, zimefungwa kwa waya kwenye makutano, na chini yake fundi ameweka vijiwe vya saruji vya sentimita 2.5 ili zisikae juu ya mbao. Nilipima mistari yote, nikapiga picha, mkandarasi na mimi tukatia sahihi. Mchanga tuliupima usiku ndani ya chupa ya maji: ulitulia chini, na juu yake tabaka la udongo lilikuwa jembamba kama ukucha.

Mifuko minane imefunguliwa mbele yangu na mifuko mitupu nimeihesabu. Maji yalipimwa kwa ndoo. Fundi alilishindilia zege kwa fimbo ya chuma, hatua kwa hatua, hasa kwenye kingo. Mkandarasi alisimama kuanzia mwanzo hadi mwisho, na mara moja alimzuia kijana aliyekuwa akiongeza maji. Magunia yametandazwa jioni, na mvua ya usiku inatusaidia kuyalowesha. Mirunda haiguswi hadi Januari.

20 Desemba

Sakafu ya bafu imepangwa upya. Sikuruhusu vigae viwekwe kabla ya kumimina maji juu ya saruji tupu, na yalikwenda kwenye tundu bila kusita.

8 Januari

Mbao zimetolewa, siku 35 baada ya zege kumwagwa. Chini ya bamba ni laini, mistari ya mbao inaonekana, hakuna shimo wala nondo. Unene: 15, 15, 16, 15, 15.

14 Januari

Vigae vya bafu vimewekwa na vimekauka. Nimevipiga kwa sarafu vyote 35. Kimoja tu, nyuma ya choo, kililia kidogo, na fundi amekibadilisha. Kisha tuliziba tundu kwa kitambaa na mfuko wa plastiki, tukaweka tofali na udongo mlangoni, tukajaza maji sentimita 3 na kuchora mstari wa penseli ukutani. Baada ya saa 48 maji yalikuwa chini ya mstari kwa upana wa mstari wenyewe, ambao injinia alisema ni mvuke, na ukuta wa upande wa jikoni ulikuwa mkavu nilipoushika kwa kiganja. Tulipozibua tundu, sakafu iliisha maji ndani ya dakika nne, na hakuna dimbwi lililobaki.

27 Januari

Tangi limepandishwa na kuwekwa juu ya pembe ya ukuta mnene. Tulilijaza robo baada ya robo, lita 250 kila mara, tukisubiri saa mbili kati ya robo na robo, huku nikisoma rula niliyoifunga chini ya bamba dhidi ya uzi uliovutwa kutoka ukuta hadi ukuta. Hadi lita 1,000 uzi na rula havikuachana kwa kiasi ninachoweza kukisoma.

3 Februari

Tumetia sahihi hati ya makabidhiano. Baada ya kukata saruji na nondo za sehemu yake, mkandarasi amelipwa dola 1,180 za fungu la tatu. Dola 840 za dhamana ziko kwenye bahasha kwa mkuu wa mtaa hadi 3 Agosti, na hati inasema mvua zikiisha Aprili tutakagua pamoja mahali bamba linapokutana na ukuta wa zamani, ambapo nimeona ufa mwembamba kama unywele na nimeupima: sentimita 22, nikauwekea alama ya penseli na tarehe kila ncha.

Mkandarasi alipoondoka alimuaga Mama kwa mikono miwili. Fundi amebaki nyuma kukusanya zana zake, na nimemwomba aje mwezi ujao kupiga lipu chumba cha mbele, kwa mkataba wake mwenyewe na saruji itakayonunuliwa na sisi. Mama amekwisha kuoga.